Je, Asiyekusudia Hana Lawama?

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 26 Machi 2001, moto uliliteketeza bweni la wavulana katika Shule ya Upili ya Kyanguli, wilayani Machakos. Wavulana 67 walikufa. Wengi waliungua kiasi cha kutotambulika hata na wazazi waliowazaa, wakazikwa pamoja kwenye ardhi ya shule ile ile walikotumwa kutafuta elimu. Ilibainika kwamba petroli ilikuwa imetumika, na wanafunzi wawili wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji.

Hata hivyo, petroli peke yake haikutosha kuangamiza vijana wengi kiasi hicho. Bweni lilikuwa limejaa kupita kiasi. Madirisha yalikuwa na vyuma. Kati ya milango miwili, mmoja ulikuwa umefungwa. Moto uliwashwa usiku mmoja, lakini mambo yaliyougeuza moto huo kuwa maangamizi yalikuwako kabla ya usiku ule.

Makala haya hayana nia ya kuifufua kesi ile, wala kumnyoshea kidole mtu yeyote aliyekuwako Kyanguli. Nataka kuuliza swali ambalo limenisumbua kwa miaka mingi, mimi niliyeishi kwa chaki na daftari la mahudhurio, na ambalo naamini linamhusu kila mwalimu na kila mwanafunzi asomaye safu hii. Je, tendo haliwezi kuitwa jema au ovu mpaka mtendaji awe amelikusudia kwa akili timamu? Na kama ndivyo, ni nani wa kulaumiwa kwa vyuma vya madirishani?

Hebu tuanzie mahali ambapo kila mtu huanzia. Mtoto akimgonga mwenzake uwanjani, maneno ya kwanza yamtokayo ni haya: "Sikukusudia!" Na mwenzake, hata akiwa anatokwa na damu puani, hutulia kidogo. Kuna tofauti kubwa baina ya aliyekukanyaga kwa sababu gari liliyumba na aliyekukanyaga kwa sababu anakudharau. Maumivu ya mguu ni yale yale, lakini maumivu ya moyo si yale yale. Hatuhitaji kusoma falsafa ili tuijue tofauti hiyo.

Wenye kusoma falsafa na dini nao wameikubali. Miongoni mwa Waislamu, hadithi inayofungua mkusanyo mashuhuri wa Bukhari inahusu nia na uzito wake katika matendo. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alitoa mfano wa muuza duka asiyewapunja wateja kwa sababu tu anaogopa kuwapoteza. Kant alisema kwamba tendo la mtu huyo linalingana na wajibu, lakini halina thamani ya kimaadili, kwa kuwa halikutoka katika kuuheshimu wajibu wenyewe. Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, nayo inaeleza katika kifungu cha 9 kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lililofanyika pasipo hiari yake au kwa ajali. Wahenga nao walinena kwamba nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu.

Basi ushahidi ni mwingi kwamba nia ina uzito. Kosa letu, kwa maoni yangu, ni kuruka kutoka hapo na kudai kwamba nia ndiyo uzito wote. Tunasema "hakukusudia" na papo hapo tunaifunga faili. Tunasema "ajali haina kinga", kisha tunakwenda kunywa chai.

Chukua kisa cha Shule ya Upili ya St. Kizito, kule Meru, mnamo Julai 1991, ambapo wasichana 19 walikufa baada ya wavulana wa shule hiyo kuvamia bweni lao usiku. Nchi ilipokuwa ikiomboleza, walikuwako watu wazima waliothubutu kusema kwamba wavulana wale hawakuwa na nia ya kuua. Huenda ilikuwa kweli kwamba hakuna aliyetoka kitandani mwake akijiambia, "Leo nitaua." Lakini kweli hiyo inamsaidia nani? Anayevunja mlango wa wasichana usiku wa manane amekwisha kukusudia uovu. Kwamba uovu uliozaliwa ulikuwa mkubwa kuliko ule alioutungia mimba hakumwondolei uzazi wake.

Sheria yenyewe inalijua hilo. Kifungu cha 206 cha Sheria ya Adhabu, kinachofafanua kusudio ovu katika kosa la mauaji, hakimtazami tu yule aliyetaka kuua. Kinamkamata pia aliyejua kwamba tendo lake yamkini litaleta kifo au madhara makubwa, hata kama hakujali, na hata kama alitamani kifo hicho kisitokee. Tafakari maneno hayo ya mwisho. Mtu anaweza kutamani kwa dhati kwamba asife mtu, na bado akahesabiwa kuwa na kusudio ovu, kwa sababu alijua na akaendelea. Mwanafunzi anayepanga na wenzake kuchoma bweni tupu "ili walimu watusikie" na aisome aya hii mara mbili. Moto hauulizi ulikusudiwa kufika wapi.

Lakini habari ya mwanafunzi mwenye kiberiti ni nyepesi kuihukumu. Habari nzito ni ya mtu mwema. Tazama jinsi bweni la mauti linavyoweza kujengwa katika shule yoyote ya bweni nchini. Fundi anachomelea vyuma madirishani. Nia yake ni kuwazuia wezi wa magodoro. Mkuu wa shule anaongeza vitanda vya ghorofa hadi njia ya kupitia inatoweka. Nia yake ni kuwapa nafasi watoto wa maskini ambao wangekosa shule. Mwalimu wa zamu anafunga mlango kwa kufuli; nia yake ni kuwazuia vijana wasitoroke usiku. Mzazi aliyemo katika halmashauri ya shule anaahirisha ununuzi wa mitungi ya kuzimia moto. Nia yake ni kupunguza karo. Wote hao ni watu wema, na kila nia ukiichunguza peke yake inapendeza. Ziunganishe, nawe umepata jela isiyo na njia ya kutokea, inayongoja cheche moja.

Sasa niseme langu, maana si haki kuwachambua wengine nami nimejificha nyuma ya kalamu. Nilipokuwa mwalimu kijana, kabla ya mwaka 2001, nilifundisha katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Wavulana wetu walikuwa na mazoea ya kutoroka usiku kwenda kucheza dansi katika soko la karibu. Baadhi walirudi wamelewa. Mmoja alirudi amechomwa kisu mkononi. Wiki yangu ya zamu ilipofika nilinunua kufuli kwa pesa zangu mwenyewe. Saa tatu unusu usiku niliwahesabu, nikazima taa, nikafunga mlango kwa nje, nikaenda kulala na ufunguo katika mfuko wa koti. Bweni lile lilikuwa na mlango mmoja tu, na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Utoro ukakoma. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya walimu wenzangu, nami nikavimba kichwa.

Usiku mmoja wa wiki ile nilikuja kuitwa nyumbani kwa ajili ya mgonjwa. Jirani alikuwa amekuja na gari, nikalivaa koti langu mbio mbio tukaondoka. Tulikuwa tumekwenda mwendo wa saa nzima nilipotia mkono mfukoni kutafuta leso, nikaugusa ufunguo. Nakumbuka ubaridi wake. Nakumbuka pia kwamba sikumwambia dereva ageuze gari. Nilijiambia kwamba mpishi huamka mapema, kwamba watoto wamelala, kwamba hakuna litakalotokea. Na kweli halikutokea. Asubuhi mpishi aliivunja kufuli kwa shoka, wavulana wakatoka wakicheka, na kisa kikawa mzaha wa shule kwa muda wa wiki mbili.

Miaka ilipita, na habari za Kyanguli zikatufikia. Niliposoma kuhusu mlango uliofungwa, niliketi kwa muda mrefu nisiweze kuligeuza gazeti. Hakuna aliyekufa mikononi mwangu. Lakini nilijiuliza: kama usiku ule mshumaa wa mvulana mmoja aliyekuwa akisoma kwa siri ungeanguka kwenye godoro, nia yangu ingebadilika? La. Nia yangu ingekuwa ile ile njema. Kufuli ingekuwa ile ile, na ufunguo ungekuwa mfukoni mwangu vilevile. Mimi ningekuwa yule yule, ila watu wangeniita muuaji badala ya kuniita mwalimu hodari. Kilichonitenga na jina hilo hakikuwa wema wangu. Kilikuwa mshumaa ambao haukuanguka.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel, walilijadili jambo hili, wakionyesha jinsi bahati inavyoingia katika hukumu tunazopeana. Madereva wawili wamezembea kurekebisha breki. Mmoja anafika nyumbani salama, mwingine anakutana na mtoto barabarani. Wa kwanza twamwona mzembe kidogo, wa pili twataka afungwe. Je, walitofautiana nini mioyoni mwao? Swali hilo ni gumu, nami sidai kulimaliza. Lakini somo moja nimelipata. Ikiwa wote wawili wana kosa, basi kosa hilo lilikuwako kabla mtoto hajaingia barabarani. Na ikiwa lilikuwako kabla, basi halikuwa katika kusudio la kudhuru, kwa kuwa hakuna aliyekusudia kudhuru. Lilikuwa katika kutoangalia.

Hapo ndipo sheria yetu inapotumia neno ambalo lingepaswa kutundikwa katika kila chumba cha walimu. Kosa linalotajwa katika kifungu cha 202 twaliita kwa Kiswahili "kuua bila kukusudia". Tazama jina lenyewe: limekiri waziwazi kwamba kusudi halikuwako, na bado ni kosa, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kifungu hicho kinataja pia kuacha kutenda: mwenye wajibu wa kulinda uhai au afya akizembea kuutimiza, ana hatia awe alikusudia kudhuru au hakukusudia. Alichoulizwa si "Ulitaka nini?" bali "Ulikuwa na wajibu gani, na ulifanya nini juu yake?"

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni sheria ya wazungu iliyoletwa kwa meli. Sivyo. Katika mila za Wakamba, kama zilivyokuwa mila za majirani wao wengi, aliyemuua mtu kwa bahati mbaya hakuachwa aende zake kwa kusema tu kwamba mshale uliteleza. Ukoo wake ulilipa fidia ya mifugo kwa ukoo wa marehemu. Nia ilihusika na hasira, haikufuta deni. Katika Kurani vilevile, aliyeua kwa kukosea ametakiwa kulipa dia na kufanya kafara. Na katika Torati, aliyeua pasipo kukusudia alipewa mji wa kukimbilia ili asiuawe na jamaa za marehemu. Lakini hakuruhusiwa kurudi kwake siku iliyofuata kana kwamba halikutokea neno. Wazee wa jamii mbalimbali, wasiojuana, walikubaliana kwamba kuna mambo mawili: chuki, ambayo hupimwa kwa nia, na deni, ambalo hupimwa kwa kilichopotea na kwa wajibu wa aliyekipoteza.

Hadi hapa nimezungumzia ovu. Msomaji makini atauliza: na jema je? Ikiwa mtu aweza kuwa na lawama bila kukusudia, aweza pia kuwa na sifa bila kukusudia? Kwa swali hilo hatuhitaji kwenda mbali. Jibu limechorwa kwenye milima inayoizunguka Machakos.

Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliitaja nchi hii kuwa mfano wa ardhi inayokufa. Makorongo yalikuwa yameikata, udongo ulikuwa ukienda na kila mvua. Serikali haikupenda kusema sana kwamba ardhi nzuri ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na wenyeji wamesongamanishwa na mifugo yao katika hifadhi. Ilikuja na amri. Mwaka 1938 ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe ili kupunguza idadi, na umati mkubwa ukaandamana hadi Nairobi chini ya Muindi Mbingu, ukapiga kambi kwa majuma kadhaa. Serikali ilirudi nyuma kuhusu ng'ombe, lakini Mbingu mwenyewe akahamishiwa Lamu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko, wakisimamiwa na machifu. Walichimba. Je, walitenda jema? Udongo ulizuiwa, hilo ni kweli. Lakini mkono uliochimba ulikuwa ukiutii mjeledi, na moyo haukuwamo. Dalili yake ni hii: uhuru ulipopatikana mwaka 1963 na amri ikaondoka, matuta mengi yaliachwa yabomoke. Kant angetabasamu.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakulima wale wale na watoto wao waliyarudia matuta kwa hiari. Vikundi vya kusaidiana, vinavyoitwa mwethya, ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake, vilizunguka kutoka shamba hadi shamba na majembe begani. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoushangaza ulimwengu: tangu miaka ya 1930 idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na badala ya ardhi kuzidi kufa, mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Tuta walilolipenda zaidi lina jina la Kiswahili ambalo sasa linatumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi: fanya juu. Unachimba mtaro kukingama na mteremko, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu uwe ukingo, kisha unapanda nyasi ili ushikane. Basi, kazi yako imekwisha. Lakini kazi ya tuta haijaisha. Mvua ikinyesha, udongo wa shambani huteremka ukakwama kwenye ukingo. Kila msimu tabaka huongezeka. Baada ya miaka, mteremko uliokuwa ukali huwa umegeuka ngazi zilizolala tambarare. Hakuna aliyezichonga ngazi hizo. Zimejichonga kwa mvua ileile ambayo zamani ilikuwa ikiibeba ardhi.

Sasa mfikirie mama mzee wa Machakos, ambaye kila msimu kabla ya mvua huyazungukia matuta yake akiziba palipobomoka. Muulize asubuhi ile amekusudia nini, pengine atakushangaa. Hakuamka akisema, "Leo nitawaokoa wajukuu na njaa." Ameshika jembe kwa sababu ndivyo afanyavyo kila mwaka. Tuseme basi kwamba tendo lake halina thamani, kwa kuwa hana kusudi la wazi kichwani? Huo utakuwa ujinga wa waliosoma. Nia yake haijatoweka. Imeshuka kutoka kichwani ikaingia mikononi. Aliikusudia zamani, akairudia, nayo ikatulia tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa mazoea, na mazoea yakawa tabia. Hapo ndipo anapotofautiana na babu yake aliyechimba kwa amri. Wote wawili huenda hawakuwa na wazo lolote tukufu jembe lilipogusa udongo, lakini matendo ya mmoja yanatoka ndani ya maisha aliyoyachagua, na ya mwingine yalitoka katika hofu.

Nionavyo mimi, hilo ndilo jibu la swali letu. Tendo la kimaadili lahitaji akili ya mtu iwemo, ndiyo. Jiwe likiporomoka na kuua halina dhambi, na mvua ikistawisha mahindi haina thawabu. Lakini akili hiyo si lazima iwemo saa ile ile ya tendo, ikiwa imesimama wima na kutangaza kusudi lake. Yaweza kuwa iliwekwa zamani, katika mambo tuliyojizoeza kuyaangalia na yale tuliyojizoeza kuyafumbia macho. Kwa hiyo twastahili sifa kwa wema tuufanyao pasipo kufikiri, ikiwa sisi wenyewe tulijijenga tukawa hivyo. Na kwa mizani hiyo hiyo twastahili lawama kwa uovu usiokusudiwa, ikiwa ulipita katika pengo ambalo ilikuwa kazi yetu kuliziba. Aristotle alikwisha kuligusa jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliposema kwamba mlevi hasamehewi kwa kuwa hakujua alitendalo, maana kulewa au kutolewa kulikuwa mikononi mwake.

Nasikia mwalimu mmoja akinung'unika. "Ukitulaumu hata kwa tusiyoyakusudia, nani atakubali kuwa mwalimu wa zamu? Mwalimu ana wanafunzi mamia, mshahara mdogo, na usingizi kama binadamu wengine." Manung'uniko hayo ni ya haki, na sitayapuuza. Hakuna mtu awezaye kuziba kila pengo. Kipimo hakiwezi kuwa kila baya lililotokea. Lazima kiwe lile ambalo mtu wa cheo hicho alipaswa kulijua. Na hapa nitarudi tena kwenye Torati, kwa mfano ambao mfugaji yeyote wa Ukambani ataufahamu. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na tabia ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi damu i juu ya mwenyewe. Nia ya mwenye ng'ombe haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba ameonywa.

Sisi tumeonywa. Mwezi Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika shule ya Bombolulu kule Pwani, wakiwa wamezuiwa na milango iliyofungwa na vyuma vya madirisha. Miaka mitatu baadaye ikafuata Kyanguli. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni, ambao unasema kwa lugha isiyohitaji mfasiri kwamba milango ya mabweni ifunguke kwa nje, kwamba isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, kwamba madirisha yasiwe na vyuma, na kwamba baina ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Hata hivyo, mnamo Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Zamani, kabla ya Bombolulu, mimi na kufuli yangu tungeweza kujaribu kusema kwamba hatukujua. Leo hakuna mwalimu wala halmashauri ya shule katika Kenya inayoweza kulisema neno hilo. Ng'ombe wetu ana damu kwenye pembe.

Kwa wanafunzi wasomao makala haya nina neno moja. Msijidanganye kwamba uovu ni lazima ujisikie uovu. Mara nyingi hujisikia kama mzaha, kama ujasiri, kama kuwaunga mkono wenzako. Ukiisikia mipango ya moto ukanyamaza kwa sababu hutaki kuitwa msaliti, hukukusudia mtu afe. Ulikusudia tu kubaki na marafiki. Lakini kesho yake unaweza kuwakosa marafiki hao hao.

Na kwa walimu wenzangu, sitaki tuishi kwa hofu. Hofu ndiyo iliyochimba matuta ya kikoloni, nayo haikudumu. Natamani tuige ule mwethya wa akina mama: kila mwanzo wa muhula, kabla ya mvua, tuyazungukie mabweni pamoja, mwalimu, mwanafunzi, mpishi na mlinzi, tukisukuma kila mlango kwa mkono tuone kama unafunguka. Mara ya kwanza tutafanya kwa sababu ya mwongozo. Mara ya kumi hatutakumbuka kwa nini tunafanya. Mikono itakwenda yenyewe. Siku hiyo asitokee mtu kusema kwamba wema wetu hauna thamani kwa kuwa hatukuufikiria.

Kufuli ile ninayo hadi leo. Imeshika kutu, na mahali ilipopigwa shoka pamepinda. Watoto wangu waliwahi kuniuliza mbona sijaitupa. Niliwaambia kwamba kuna deni ambalo sikulipishwa, nami naogopa kulisahau.